Mabakuli Kumi na Manne ya Gordon Teague

Nimewavisha waigizaji suruali kwa miaka thelathini na mmoja pale Burbank, kwenye studio za filamu za California, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za waigizaji. Najua viuno vyao, najua matumbo yao, najua nani huweka pamba ndani ya viatu ili apate urefu wa kumfikia mwanamke atakayembusu. Wengi ukiwauliza za asubuhi watakueleza za miaka kumi. Gordon alipoingia chumba changu cha mavazi mara ya kwanza, alitundika koti lake mwenyewe, akaniuliza jina, na kesho yake akaniita, "Lupe, umelalaje?" Nikasema moyoni, maskini, huyu hafiki mbali.

Kweli hakufika mbali, ila alifika kila mahali. Yule daktari mrefu mwenye mvi safi, anayetoka mlangoni, anavua miwani taratibu na kusema, "Pole sana, mama. Tumefanya kila tulichoweza," kisha haonekani tena mpaka filamu inaisha? Ndiye huyo. Daktari amekuwa mara sitini na moja, na katika wagonjwa wote hao hakupona hata mmoja. Siku za mapumziko alikuwa jaji, au meneja wa benki, au mtumishi wa kufungulia matajiri mlango. Jukwaani, kule Pasadena, alibeba barua ya mfalme kwa miezi mitatu mfululizo bila kuifungua. Kuna siku alikwenda kununua nyanya, mwanamke mmoja akamwona, akaangua kilio papo hapo. "Usiniambie!" akasema, mkono kifuani. "Tafadhali usiniambie!" Gordon akamwekea nyanya zake kwenye kikapu, akamsindikiza hadi kwenye gari.

Sasa, jina lake. Kwenye tamthilia zote hizo ameandikwa Gordon Pemberton, na hilo silo jina alilopewa na babu yake. Alizaliwa Gordon Teague, mji wa Kimmel, jimbo la Nebraska, mtoto wa pekee wa Bernadine na marehemu Vern Teague, watu wa mahindi. Chama cha waigizaji kina sheria moja ngumu kuliko zote: wanachama wawili hawawezi kuwa na jina moja. Atakayetangulia kujiandikisha ndiye mwenye jina. Gordon alikwenda kujiandikisha mwaka 1976, ana miaka ishirini na miwili, amechana nywele kwa maji.

"Jina?" akauliza karani, mwanamke anayetafuna ubani.

"Gordon Teague."

"Lipo."

"Lipo vipi? Si ndiyo mimi?"

"Yupo mwenzio, kaka. Kajiandikisha wewe hujaota meno. Nipe jingine."

"Sina jingine. Hili nimepewa na babu."

"Basi rudi kwa babu akupe la pili. Unaiona foleni hiyo?"

Gordon akatazama foleni, akatazama ukuta. Ukutani palitundikwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto, na juu yake jina la kiwanda kwa herufi nyeupe: PEMBERTON. Hivyo ndivyo mtoto wa wakulima alivyopata jina la kibwanyenye, na jina lile ndilo lililompa udaktari, kwa maana hakuna mwongozaji anayempa mtu anayeitwa Pemberton kazi ya kuchunga ng'ombe, hata kama ndicho kitu pekee duniani anachokijua.

Alipompigia mama yake simu, Bernadine aliuliza, "Pemberton ndiyo nani?"

"Ni mimi, mama."

"Baba yako asingekubali," akasema, akakata.

Yote hayo yangekwisha salama kama isingekuwa mwaka 1981. Mwenye sinema pale Kimmel, bwana mmoja akiitwa Stroud, aliletewa filamu, akasoma majina ya wachezaji, akaona Gordon Teague. Hakuuliza mtu. Alipanda ngazi na kupanga herufi kubwa kwenye ubao wa taa: GORDON TEAGUE, MTOTO WETU. Kanisa zima la Bernadine likakata tiketi. Yeye mwenyewe wakamketisha safu ya mbele na shada la maua mapajani.

Akatokea Gordon Teague yule mwingine. Mtu wa miaka hamsini kasoro, upara, pua imevunjika mara mbili, mwili kama kabati. Dakika ya kumi na mbili alimnyonga padri.

Taa zikawashwa. Watu wote walimgeukia Bernadine. Alimwona Stroud amesimama mlangoni, jasho linamtoka, na kwa haya ya kumwaibisha mzee wa watu, na kwa haya ya kueleza kwamba jina la ukoo limeachwa kwa sababu ya mtungi wa zimamoto, akafungua mdomo, akasema, "Siku hizi vipodozi vyao ni vya ajabu sana."

"Ajabu kweli," akajibu jirani yake, Arlene Voss. "Hata upara?"

"Hata upara."

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga, na Bernadine aliyaoga miaka arobaini na mitatu. Kila Teague yule alipomkaba mtu koo, mjini walimpongeza mama. Na Gordon wetu alipotokea kwenye televisheni na koti jeupe, Arlene alikuwa akisema, "Huyu daktari kafanana na marehemu Vern, Mungu anisamehe, mpaka masikio." Bernadine hujibu, "Watu hufanana, Arlene." Gordon akitaka kwenda nyumbani, mama humwambia, "Usije mwaka huu, mwanangu, njia imejaa theluji." Mara moja alimwambia hivyo mwezi wa Julai. Alipendelea kuja yeye California, wiki mbili kila majira ya kuchipua, na kila Jumapili alipiga simu kumkosoa namna alivyovua miwani.

Watu walimcheka Gordon kwa hadithi hii, mimi wa kwanza. Siku moja, nikimfunga tai, nilimwambia, "Mzee, una bahati. Kijijini kwenu wewe ni muuaji mashuhuri." Hakucheka. Akasema, "Lupe, sura yangu inajulikana na watu milioni ishirini. Nataka mmoja tu asimame mbele ya wenzake aseme, huyu ni wangu." Niliona aibu, nikaikaza tai kupita kiasi.

Mwaka 2024, mwezi wa Novemba, Gordon Teague yule mwingine alifariki dunia usingizini, Mungu amrehemu. Kesho yake simu ya Gordon ililia tukiwa kwenye chumba cha mavazi, na kwa sababu alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji na la pili linasubiri zamu, niliibonyeza mimi, nikasikia kila kitu.

"Gordon," akasema Bernadine, "umekufa."

"Mama?"

"Umekufa tangu jana. Wametangaza kwenye televisheni. Nimeshaletewa mabakuli tisa ya chakula cha msiba, friji haifungi."

"Mama, yule si mimi."

"Najua si wewe, mjinga wewe, si tunaongea? Lakini Jumamosi kuna ibada ya kukukumbuka na mchungaji anataka picha. Nimpe picha gani?"

"Waambie ukweli, mama."

"Nimeshakula jodari za watu!" akafoka Bernadine. Kisha sauti ikashuka. "Njoo, mwanangu. Sijui nifanyeje."

Tangu 1981 hajawahi kumwambia njoo. Gordon alianza kutafuta koti lake kabla simu haijakatwa, akawa anapapasa kabati la nguo za kike. Kwa jicho lile asingeendesha gari, nikaomba ruhusa nikaenda naye. Tuliruka hadi Omaha, tukakodi gari, tukapita mahindi yaliyovunwa saa tatu nzima. Njiani nilipiga hesabu ndogo. "Mzee," nikamwambia, "marehemu ametangazwa ana miaka tisini na miwili. Mama yako ana tisini. Alikuzaa hajazaliwa?"

"Majirani wamesema gazeti limekosea."

"Na picha?"

"Wamesema vipodozi."

Bernadine alitupokea mlangoni, mdogo, mgongo umepinda, slipasi za manyoya miguuni. Badala ya kumkumbatia mwanawe alimvuta mkono. "Ingieni upesi, Arlene anachungulia." Jikoni sikuona meza. Niliona mabakuli ya kuokea, kila moja na karatasi ya alumini juu: tambi na jodari, viazi na jibini, kuku na wali, viazi na jibini tena. Kule mtu akifiwa hawaulizi anataka nini, wanaleta viazi na jibini. Chini ya kila bakuli pamebandikwa kipande cha utepe wa gundi kilichoandikwa jina la mwenyewe, ili chombo kirudi kwao. Nilihesabu kumi na matatu.

La kumi na nne likagonga mlango. Alikuwa Arlene Voss, miaka themanini na minane, amebeba jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo mimi hadi leo sijaelewa ni chakula cha watu wa aina gani.

"Pole tena, shoga yangu," alimwambia Bernadine, macho kwa Gordon. "Na huyu ni nani?"

Nilimwona Bernadine anasogeza bakuli lisilohitaji kusogezwa. Nilimwona Gordon anasubiri, amesimama wima kama mtu anayepimwa suti.

"Ni... mwenzake Gordon," akasema mama. "Wa kazini."

Arlene alimpandisha na kumshusha, bandeji na yote. "Aa. Yule daktari."

Gordon akainamisha kichwa. Na kwa sababu mazoea yana tabu, mdomo wake ukajisemea wenyewe: "Pole sana, mama. Tumefanya kila tulichoweza."

"Najua mlijitahidi," akajibu Arlene kwa upole, akaweka jeli juu ya tambi, akaenda zake.

Mimi nilikasirika. Sikupanda ndege kuja kuona mtu mzima anakanwa mbele ya viazi. "Mama," nikasema, "humwonei huruma?"

"Namwonea," akajibu Bernadine. "Lakini nimedanganya watu walionisaidia kumzika mume wangu. Nikiwaambia leo, kesho nitakaa safu gani kanisani?" Akakaa kitini, akafunika uso kwa aproni. Hasira ikaniishia. Gordon alivua koti, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi ukumbi wa chini wa kanisa ulijaa. Juu ya meza ya mbele waliweka picha ya Gordon akiwa na miaka kumi na minane, amemshika ndama. Hakuna aliyesema kwamba yule mshika ndama na yule mnyonga mapadri hawaonekani kuwa mtu mmoja. Mchungaji, kijana aliyehamia juzi tu, alituombea, kisha akasema, "Tuna bahati leo. Daktari, samahani, Bwana Pemberton, ametoka mbali. Labda atatuambia maneno mawili kuhusu ndugu yetu."

Gordon akasimama. Nimemwona akisimama mbele ya kamera mara mia tatu, sijawahi kumwona akisahau mikono aiweke wapi. Aligusa usoni avue miwani, akakumbuka hakuvaa.

"Nilimjua Gordon vizuri," akaanza. "Hakuwa mtu mkubwa. Alipenda kazi yake. Alipewa maneno machache, akayasema yote. Alikuwa akiota mahindi." Watu wakatikisa vichwa. "Kitu kimoja tu kilimkaa rohoni. Aliniambia kwamba asubuhi aliyoondoka hapa, Januari ya mwaka 1974, basi lilisimama mbele ya nyumba yao. Alipanda na sanduku lake. Na mama yake, kwa hasira, hakutoka nje kumuaga. Alibaki jikoni. Gordon hakumlaumu, ila..."

"Uongo!"

Kiti kilianguka. Bernadine amesimama, miaka tisini, ngumi juu.

"Uongo mtupu! Nilitoka! Nilisimama pale kwenye sanduku la barua, na slipasi, theluji imefika hapa, nikapunga mkono mpaka basi likapinda kona! Wewe ndiye hukugeuka! Miaka hamsini nakusubiri ugeuke!"

"Mama, dirisha lilikuwa na barafu!"

"Ungeifuta!"

"Nilikuwa nalia, mama, ningeonaje?"

"Ungefuta na macho!"

Kisha akasikia alichokisema. Akageuka taratibu kuwatazama watu wake, wote wale, safu kwa safu. Nikasogea, niwe tayari kumdaka.

"Huyu ni mwanangu," akasema. "Huyu daktari. Hakuna vipodozi. Hajawahi kumnyonga mtu. Ni Gordon wangu, na mimi ni mwongo tangu mwaka 1981."

Arlene Voss akakohoa. "Bernadine, mpenzi," akasema, "tunajua tangu mwaka 1981."

"Mnajua nini?"

"Mimi ndiye niliyempokea tumboni mwako, mkunga alichelewa. Nisimjue masikio yake? Jumatano zote tunakutana kwangu kumtazama. Tulilia alipokuwa jaji."

"Alikuwa jaji mzuri," akasema mzee mmoja nyuma.

Bernadine alishika meza. "Sasa mabakuli! Kumi na manne! Mmeniletea chakula cha msiba, na mnajua hakuna msiba!"

Wakatazamana. Nilivyoona mimi, hilo ndilo lililowatia aibu. Mwisho Arlene akajibu, "Sasa tungefanyaje? Televisheni imesema mwanao kafa. Tusipoleta kitu, si tungekuwa tunakuambia usoni kwamba wewe ni mwongo?"

Njia ya mwongo ni fupi, tumefundishwa hivyo. Wahenga hawakuwajua watu wa Kimmel, ambao wataitandika njia hiyo zulia miaka arobaini na mitatu ili mwongo asijikwae. Nilicheka mpaka nikakosa pumzi, na nilipoinua kichwa nikakuta ukumbi mzima unacheka, isipokuwa mchungaji kijana, ambaye alikuwa anatafuta kwenye kitabu chake ibada ya mtu ambaye hakufa. Gordon hakucheka wala hakulia. Alikwenda akaiokota kofia ya mama yake iliyoanguka aliposimama, akamvalisha, akairekebisha kidogo upande, kama ninavyomfanyia mimi.

Siku iliyofuata tulirudisha mabakuli. Mimi naendesha, yeye anapakata vyombo, anapindua kimoja kimoja na kuniambia nisome jina chini yake. Kila mlango aligonga mwenyewe. "Mimi ni Gordon, mtoto wa Bernadine," alikuwa akisema, na kila nyumba ilituketisha, ikatulisha, ikamwazima miwani, ikamwomba aivue na kusema pole sana, mama. Kwa Bwana Stroud, ambaye sasa ana miaka tisini na sita na hasikii vizuri, alisema mara tatu. Mzee akamshika mkono akasema, "Uliponyonga yule padri, nilijua utafika mbali." Kuna watu hawafundishiki.

Asubuhi ya kuondoka Bernadine alitoka na bakuli lake la kuokea, la enzi za harusi yake, limejaa viazi na jibini. Gordon akalipokea, akapapasa chini kwa mazoea. Palikuwa na utepe mpya. Nikamsomea: G. TEAGUE, KIMMEL.

"Mama, bakuli hili ni lako."

"Sasa ni lako. Nimekuandika jina. Chombo kisicho na jina hakirudi kwao."

Hapo simu ikalia. Alikuwa wakala wake, kutoka Los Angeles, sauti imejaa furaha. Chama kimesema jina la Gordon Teague sasa liko wazi, alitake tu, wambadilishie kuanzia filamu ijayo. Gordon alisimama pale uwanjani, bakuli linamchoma mikono.

"Mwacheni mzee wa watu alale nalo," akasema. "Mimi nimeshaandikishwa."

Tukaingia garini, Gordon na bakuli lake kiti cha nyuma. Mawingu yalikuwa yameshuka, theluji ya kwanza imeanza kudondoka. Bernadine akatembea mpaka kwenye sanduku la barua, na slipasi zake, akasimama akapunga mkono. Nilipoondoa gari, Gordon alifungua mkanda, akapiga magoti kwenye kiti kama mtoto, mtu wa miaka sabini, akatazama kioo cha nyuma. Alikifuta kwa mkono wa koti. Koti zuri, nililipiga pasi mimi.

Nilikwenda polepole, nikiiogopa ile kona.

"Unamwona?" nikamwuliza.

"Sioni kitu, Lupe," akasema, jicho moja bandeji, la pili ukungu, mkono juu unapunga. "Endesha tu. Yeye ananiona."